Vipi na Mbona

Nilipokuwa mdogo Pangani, neno "chuo" lilikuwa na maana moja tu. Mtoto aliyeonekana njiani alasiri, juzuu kaikumbatia kifuani, akiulizwa anakwenda wapi alijibu, "Nakwenda chuoni." Huko tulikaa kwenye mkeka tukasoma kwa sauti, na mwalimu akapita nyuma yetu akisikiliza nani kateleza. Wazee wa pwani waliita chuo hata kitabu chenyewe, na aliyebobea katika elimu ya dini mpaka leo huitwa mwanachuoni. Baadaye nikasikia kuna chuo kikuu, kipo Dar es Salaam, kwenye kilima. Kwa akili yangu ya kitoto nikaelewa kwamba ni chuo kama chetu, ila chenye mkeka mrefu zaidi. Leo mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, nimesoma kwenye chuo kikuu hicho cha Mlimani, na bado naamini yule mtoto hakukosea sana.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya kijana mmoja. Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka, naye alikuja kwangu baada ya magharibi, simu mkononi, ukurasa wa maombi ya chuo umefunguka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hongera. Nimeona matokeo."

Alisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, akapata daraja la kwanza. Baba yake anataka asome uhandisi, yeye anataka fizikia. Hilo nililitarajia, kwa kuwa kila mwaka nakaa na mzazi mmoja au wawili tukizungumza habari za ajira. Lakini kijana hakuja kwa ajili ya ajira. Aliinama, akasema polepole:

"Mwalimu wangu wa chuoni ameniambia wanaoingia sana katika mambo hayo huishia kusema dunia imejiumba yenyewe. Nikisoma fizikia, imani yangu itabaki?"

Nilimwomba arudi Ijumaa baada ya sala. Swali lake ni zito, na mimi lilinichukua miaka. Haya ndiyo niliyomwambia Ijumaa ile, pamoja na yale ambayo muda haukutosha kuyasema.

Nilianza na baba yangu. Alikuwa mvuvi wa ngalawa, hakukaa darasani hata siku moja, lakini kalenda yake ilikuwa angani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, alijua maji ya bamvua yamefika: bahari hupanda hadi kwenye mizizi ya minazi, kisha hukupwa mbali, miamba ikabaki wazi na wanawake wakaenda kuchokoa pweza. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo. Alijua pia kwamba maji ya leo hujaa kwa kuchelewa kuliko ya jana, kwa muda unaopungua saa moja kidogo. Nikimuuliza kwa nini iwe hivyo, alinijibu, "Ndivyo Mungu alivyoiumba bahari." Jibu hilo lilinitosha hadi nilipofika kidato cha tatu.

Shule niliyosoma ilikaa miaka miwili bila mwalimu wa fizikia. Wa kwanza kuja alikuwa kijana aliyetoka chuo karibuni, na katika wiki zake za mwanzo alichora ubaoni dunia na mwezi. Alitueleza kwamba Newton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1687, alionyesha kwamba nguvu inayoangusha embe ndiyo inayovuta bahari. Maji yaliyo upande unaoelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko dunia yenyewe kwa sababu yako karibu zaidi. Maji ya upande wa pili huvutwa kidogo kuliko dunia, kwa hiyo hubaki nyuma nayo yakavimba. Bahari inavimba pande mbili, dunia inajizungusha ndani ya uvimbe huo, na sisi wa Pangani tunapitishwa kwenye maji makuu mara mbili katika kila mzunguko. Wakati dunia inajizungusha, mwezi nao umeshasogea mbele katika njia yake, na dunia huhitaji dakika kama 50 zaidi kuufikia tena. Ndiyo maana maji huchelewa. Jua nalo linavuta, lakini kwa umbali wake uwezo wake wa kuivimbisha bahari haufiki hata nusu ya ule wa mwezi. Jua na mwezi vinapokaa katika mstari mmoja na dunia, mivuto hiyo miwili inasaidiana. Hiyo ndiyo bamvua.

Nilitoka darasani mbio. Baba nilimkuta ufukweni anashona wavu. Nikachukua dafu kuwa dunia na ndimu kuwa mwezi, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wengi hawaliulizi: "Upande ule ambako mwezi haupo, maji yanajaa kwa kuvutwa na nani?" Nikarudia, safari hii taratibu zaidi. Akakaa kimya, sindano ya wavu imesimama mkononi. Kisha akasema, "Subhana Llah," akanitaka nirudie mara ya tatu ili aweze kuwaeleza wenzake baharini.

Baba yangu hakupungukiwa na kitu jioni ile. Maneno yake, kwamba ndivyo Mungu alivyoiumba bahari, hayakufutwa. Yeye alizoea kuyasema kama mtu afungaye mlango, na sasa mlango ulikuwa wazi na nyuma yake mna nyumba nzima. Kiswahili chetu huviita vitu vyote ambavyo fizikia inavichunguza maumbile, neno lililotokana na kuumba. Sisemi kwamba neno ni ushahidi. Mtu anaweza kulitamka maisha yake yote bila kumwamini Muumba. Nasema tu kwamba aliyelelewa na lugha hii hana sababu ya kuona aibu anapoyasogelea maumbile na kuyatazama kwa karibu.

Kijana aliniambia, "Hapo sioni tatizo, mwalimu. Tatizo ni mbele."

Kweli. Kwa hiyo nilimweleza habari za baba mdogo.

Ilikuwa mwaka 2007, wakati wa kusi, nami nilikuwa nyumbani baada ya kumaliza kidato cha sita. Fomu ya kuomba chuo, ya karatasi, ilikuwa chini ya godoro langu. Nafasi ya chaguo la kwanza ilikuwa bado tupu, maana kila aliyeniona alinishauri jambo lake. Baba mdogo alikuwa anarudi kutoka kuvua. Dau lao lilipinduka mlangoni mwa mto, mahali ambapo sisi tulio ufukweni tuliweza kuwaona watu kwa macho. Walikuwa wanne, wakarudi watatu.

Matangani watu walisema yale yasemwayo siku zote: kazi ya Mungu haina makosa. Walisema kwa upendo, na mimi nayaamini maneno hayo. Lakini bibi yangu, mama wa marehemu, alikaa pembeni ya chumba, kichwa kaegemeza ukutani, akirudia neno moja usiku kucha: "Mbona? Mbona yeye na si mimi? Mbona?"

Siku chache baadaye niliandika fizikia katika chaguo la kwanza. Sikuweza kumweleza mtu yeyote sababu yake. Nilijua tu kwamba nataka kujua ni nini kilitokea pale mlangoni.

Jibu nililipata mwaka wa pili Mlimani, katika somo la mawimbi. Wimbi linalotoka bahari kuu likikutana na mkondo unaokwenda kinyume nalo, linabanwa: urefu wake unafupika, kimo chake kinapanda, na likizidi kuwa wima linavunjika. Siku za bamvua maji yanapokupwa, bahari yote iliyoingia mtoni hutoka kwa pamoja, ikisukumwa na maji ya mto yanayoshuka tangu Kilimanjaro na Meru. Nje, kusi imejenga mawimbi yanayoelekea pwani. Mlangoni vinakutana. Dau lilikuwa linaingia kupwa kukiwa kumeshika kasi, siku mbili baada ya mwezi kuandama. Niliandika mlinganyo ule daftarini, nikauangalia, nikatoka ukumbini kwenda kulia chini ya mti.

Nililia kwa sababu nilifahamu kwamba wazee wa zamani walilijua jambo hili bila mlinganyo wowote. Walisubiri nje mpaka maji yaanze kujaa ndipo wakaingia. Vijana wa siku zetu hawakuambiwa. Kila dau lilipozama, mazungumzo yaliishia kwenye kazi ya Mungu, na hakuna aliyebaki nyuma kuuliza ilikuwaje, maji yalikuwa yakitoka au yakiingia, mwezi ulikuwa wa ngapi. Tulilitumia jina la Mwenyezi Mungu kama kifuniko cha chungu. Naamini hilo ni kosa mbele yake Yeye mwenyewe, aliyetupa macho na akili na akatuamrisha kusoma kabla ya kutuamrisha lolote jingine.

Basi nikajifunza kutenga maswali mawili ambayo Kiswahili tayari kimeyatenga. Lipo "vipi": dau lilipinduka vipi, maji hujaa vipi, nyota hung'aa vipi. Swali hilo unaweza kuliuliza wimbi, na ukiwa na subira wimbi litakujibu kwa hesabu. Na lipo "mbona". Mbona ina lawama ndani yake, ina mtu inayemwelekea. Hakuna anayeliambia jiwe mbona. Bibi yangu hakuwa anauliza habari za mkondo na upepo. Alikuwa anasema na Mola wake. Nimezipitia kanuni za mawimbi kwa miaka, nimezifundisha, nami nashuhudia kwamba hamna mahali ndani yake ambapo bibi angeweza kukaa na kujibiwa. Huo si upungufu wa fizikia, kwa kuwa mizani haiwi mbovu kwa kushindwa kupima huzuni.

Mwalimu wa chuoni anamwogopea kijana kwamba "vipi" itakula "mbona". Naielewa hofu yake, na sipendi anayemdharau. Wapo kweli watu wenye elimu wanaosema kwamba fizikia imeshathibitisha kuwa hakuna Mungu. Ila wakisema hivyo wametoka nje ya kipimo chochote walichowahi kukifanya. Wanasema yao, kama mimi nisemavyo yangu.

Nilimpa kijana mfano. Mwaka 1979 tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa watu watatu: Abdus Salam wa Pakistan, na Steven Weinberg na Sheldon Glashow wa Marekani. Walionyesha kwamba nguvu ya umeme na sumaku, na ile nguvu dhaifu inayofanya baadhi ya viini vya atomu vioze, ni nguvu moja yenye sura mbili. Salam na Weinberg walifika kwenye nadharia hiyo kila mtu kwa njia yake. Weinberg alikuwa mtu asiyemwamini Mungu, na alisema hivyo hadharani. Salam, kwenye karamu ya tuzo, alisimama akasoma aya za Suratul Mulk, zile zinazomtaka mtu aitazame mbingu, airudie tena kuitazama, aone kama kuna kasoro. Milinganyo ilikuwa ile ile. Haikumpa Weinberg imani, wala haikumpokonya Salam ya kwake.

"Lakini mwalimu," kijana akasema, "si wanasema Salam hakuwa Mwislamu?"

Sikumficha. Salam alitoka katika jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo nchi yake iliitoa katika Uislamu kwa sheria mwaka 1974. Wanachuoni wana hoja zao katika jambo hilo, na si mimi wa kuzihukumu. Nilimwambia tu kwamba mtu huyu alinyimwa jina la dini yake na watu, wala si na fizikia. Fizikia haikumgusa. Mwaka 1964 alikuwa ameanzisha Trieste, Italia, kituo cha kuwapokea wanafizikia kutoka nchi maskini, ili wasome na kufanya utafiti bila kulazimika kuzihama nchi zao.

Kisha nilimwonya upande wa pili, maana hatari ipo na huko. Siku hizi husambazwa video na vijitabu vinavyodai kwamba kila ugunduzi umeshaandikwa katika Kitabu, na vijana huvishangilia. Mimi naviogopa. Georges Lemaître alikuwa padri wa Ubelgiji na mwanafizikia. Mwaka 1927 alieleza kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akasema ulianza kutoka kitu kimoja kidogo kama chembe. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 aliitaja elimu hiyo mpya kana kwamba inathibitisha simulizi la uumbaji. Lemaître, padri, hakufurahi. Alishikilia kwamba nadharia yake ibaki nadharia, ipimwe na kusahihishwa kama nadharia nyingine zote, na imani isijengwe juu yake. Namheshimu sana kwa hilo. Ukiitundika imani yako kwenye nadharia ya leo, utafanyaje nadharia hiyo ikirekebishwa kesho? Na mwanafunzi aliyekwisha kuamua jibu kabla ya kupima hawezi tena kupima kwa uaminifu.

Wala kifuniko hakiwekwi na watu wa dini peke yao. Mkoa wetu wa Tanga una ushahidi. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba huko Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuwahi nafasi kwenye jokofu aliweka maziwa yangali moto, nayo yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alipouliza, mwalimu wake wa fizikia alimwambia kachanganyikiwa. Miaka ikapita, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi akapima, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo, na duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori. Mwalimu aliyemfunika hakutumia jina la Mungu. Alitumia jina la fizikia. Unyenyekevu mbele ya swali unahitajika kwa mwalimu wa chuo kidogo na wa chuo kikuu vilevile.

Kijana akanitazama, akaniuliza lile alilokuja kuliuliza tangu mwanzo. "Na wewe, mwalimu? Imani yako haikutikisika?"

Ilitikisika, na nilimwambia. Mwaka wangu wa pili Mlimani, ipo miezi niliyosali kwa mazoea tu, mdomo ukisoma na moyo uko mbali. Lakini haikuwa kazi ya milinganyo. Ilikuwa kazi ya dau. Ilikuwa ile "mbona" ya bibi, ambayo niliibeba hata mimi, na ambayo ningeibeba vilevile kama ningesomea ushonaji. Wanaolinda imani ya vijana wamesimama kwenye mlango wa maabara, na huzuni inaingia kupitia dirisha.

Kilichonirudisha ni bibi. Likizo ile nilimkuta anasali sala zake tano, hakuacha hata moja, na baada ya salamu anabaki kwenye mkeka, mikono wazi, akiuliza mbona. Hakuwahi kuona kwamba kuuliza kunapingana na kusujudu. Alikuwa anamuuliza Anayemwamini. Nikafahamu kwamba kama yeye anaweza kuliuliza swali lililo gumu kuliko yote akiwa juu ya mkeka, basi swali langu dogo la mawimbi haliwezi kunitoa kwenye mkeka huo.

Baada ya hapo tulizungumza mambo ya kawaida. Nilimwambia fizikia ni ngumu, na itamtaka hesabu usiku na mchana. Nilimwambia mkopo aombe mapema na nyaraka zake zikamilike. Kwa ajili ya baba yake nilimtajia kazi: hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi zinahitaji wanafizikia, utabiri wa hali ya hewa unawahitaji, na shule zetu zinawahitaji kuliko wote. Kisha akaandika fizikia kwenye chaguo la kwanza, na uhandisi wa umeme kwenye la pili kwa heshima ya mzee wake, akatuma.

Nawaomba walimu wenzangu wa vyuo vidogo, niliosomeshwa nao na ninaowapenda: mtoto akija na "vipi", msimwambie anyamaze. Mwambieni aende akatazame, kisha arudi awaeleze. Nawaomba wahadhiri wa chuo kikuu: kijana akija na "mbona", msimcheke wala msijifanye mna jibu lake kwenye ubao. Na wewe kijana unayejaza fomu mwaka huu, usiifiche mojawapo kwa ajili ya kuilinda nyingine.

Kila mwaka kusi inapoanza, nawapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu mlangoni mwa mto siku ya bamvua, maji yakiwa yanatoka. Tunasimama mchangani tunayaangalia mawimbi yanavyofupika na kupanda, wanachora, wanaandika saa na umri wa mwezi. Wengi wao ni watoto wa wavuvi, nao huenda kuwaambia nyumbani: subirini nje, ingieni maji yanapoanza kujaa.